Fimbo za Mlimani: Jozi, Moja, Mti wa Kuokota au Mikono Mitupu?

Watu wa aina mbili huniuliza habari za fimbo za kutembelea milimani. Mmoja ni mtembezi wa porini, anayekaa huko siku tatu au nne na nyumba yake yote mgongoni: hema, jiko, chakula, maji. Mwingine ni mwindaji, anayetoka kambini alfajiri na begi jepesi huku akimwomba Mungu arudi nalo zito. Wote wawili wameshapishana njiani na mtu mwenye fimbo mbili zinazong'aa, wakabaki na swali lile lile: huu ni msaada au ni madoido?

Mimi nilikuwa kwenye kundi la wanaocheka. Fimbo niliiona ni kitu cha kusubiri uzeeni. Kilichonigeuza ni mteremko mmoja mrefu, begi la kilo ishirini na ushei, na goti la kulia lililoanza kuchoma kwa ndani kila nilipokanyaga, mpaka nikawa nashuka ubavu ubavu kama kaa. Mwenzangu akanipa fimbo yake moja bila kusema neno. Goti halikupona, lakini nilifika kabla ya giza. Tangu hapo nimetembea bila fimbo, nimetembea na mti niliouokota, nimetembea na fimbo moja na nimetembea na jozi, kwa safari za begi tu na za kuwinda.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyetaka kusoma yote aende zake: fimbo ni za kurudia kuliko za kwendea. Ukizinunua ukitarajia zikupandishe mlima, utaziona za kawaida tu. Ukizinunua kwa ajili ya kushuka na mzigo, hutazijutia. Mwindaji ana hesabu moja zaidi juu ya hiyo, nayo ni ya mikono: nani ameishika, na inahitajika wapi kwa dakika ipi.

Kupanda si kushuka

Unapopanda, unachoka pumzi. Unaposhuka, pumzi ipo lakini miguu inakatika. Sababu ni kwamba kwenye mteremko misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki. Kila hatua misuli hiyo inavutwa huku imekaza, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoumiza misuli zaidi. Ndiyo maana maumivu makali hayaji jioni ile ile. Yanakuja kesho yake, unapotaka kuinuka kutoka kwenye hema.

Mwaka 1999 ulitoka utafiti uliopima magoti ya watu wakishuka mteremko wa nyuzi 25, wakiwa na fimbo na bila fimbo. Nyuzi 25 si mchezo: kwa kila mita 100 unazosonga mbele kwa mlalo unashuka karibu mita 47. Nguvu zinazolibana goti zilipungua kwa asilimia 12 hadi 25 fimbo zilipotumika. Waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama ahadi ya dukani. Lakini yeyote aliyewahi kushuka nusu siku nzima anajua robo ya mzigo wa goti ina maana gani.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2011, uliwapeleka watu 37 juu ya mlima Snowdon huko Wales, wenye urefu wa mita 1,085, kisha ukawashusha. Kundi moja lilipewa fimbo, jingine halikupewa. Wenye fimbo waliona kupanda ni kwepesi zaidi, na siku mbili zilizofuata misuli yao iliuma kidogo kuliko ya wenzao na nguvu za miguu zilikuwa hazijawaishia sana. Kwangu hili la siku zilizofuata ndilo lenye thamani. Matembezi ya siku moja unaweza kuyamaliza kwa ubishi tu. Siku ya tatu ya safari ya siku tano ubishi hausaidii.

Sasa upande wa pili wa mizani. Fimbo haipunguzi kazi, inaigawa. Sehemu ya kazi inahama kutoka miguuni kwenda mabegani na mikononi, na mikono nayo inaomba oksijeni yake. Kwenye njia tambarare, mwenye begi jepesi anayetumia fimbo moyo wake hupiga kasi kidogo zaidi kuliko asiyetumia. Kwa hiyo kama safari zako ni za asubuhi hadi mchana, njia imesafishwa, na mgongoni una chupa ya maji na koti, jibu ni fupi: hela yako peleka kwenye viatu.

Kamisheni ya tiba ya UIAA, shirikisho la kimataifa la vyama vya kupanda milima, nayo ina onyo ambalo wauzaji hawalitaji. Mtu akizitumia fimbo kila siku, kila mahali, mwili husahau kujisimamisha wenyewe, na siku atakapofika mahali ambapo fimbo hazifai anayumba. Ushauri wao ni kwamba fimbo ziwafae zaidi wazee, wazito wa mwili, wenye matatizo ya viungo au mgongo, na wenye mizigo mizito. Mimi nimejiwekea desturi ya kutembea sehemu za tambarare fimbo zikiwa begini, hata kama nimezibeba.

Njia nne, kando kwa kando

| | Kupanda | Kushuka na mzigo | Kuvuka mto | Kunyatia mnyama |
|---|---|---|---|---|
| Mikono mitupu | sawa, begi likiwa jepesi | magoti ndiyo yanalipa | hatari maji yakipita magoti | bora kuliko zote |
| Mti wa kuokota | unachosha mkono | unafaa ukiwa imara | mzuri sana | unauacha chini bila majuto |
| Fimbo moja | kujisawazisha tu | nafuu ya upande mmoja | inatosha maji yakiwa ya kadiri | inavumilika |
| Jozi | nafuu mzigo ukiwa mzito | hapa ndipo mahali pake | nzuri | kelele, na mikono imeshikwa |

Mikono mitupu isidharauliwe. Kwenye miamba ya kuparamia, mkono ulioshika jiwe ni salama kuliko mkono ulioshika kitu kinachogusa jiwe. Kwenye kichaka kizito chenye miiba, fimbo mbili ni vitu viwili zaidi vya kunasa.

Mti wa kuokota watu wengi wameusahau, na mimi naona wameonea. Chagua mkavu usiooza, unaofika kifuani, unene wa kushikika vizuri, kisha uegemee kwa uzito wako wote kabla hujauamini. Mti ukilia, utupe. Ubaya wake ni tatu: ni mzito, haurefuki wala kufupika, na juu ya mwamba laini unateleza kwa sababu hauna ncha. Kukata mti mbichi ni jambo jingine. Hifadhi nyingi zinakataza, na hata pasipokatazwa huna haja. Kwenye mto wenye nguvu, hata hivyo, mti mmoja mnene naupenda kuliko fimbo ya kununua. Unauchomeka mbele yako upande maji yanakotoka, unauegemea, na haupindi.

Fimbo moja ni ya kujisawazisha. Inakupa mguu wa tatu, lakini haiwezi kupokea uzito upande wa kushoto na kulia kwa zamu bila wewe kuihamisha mkono. Ukiishika mkono mmoja siku nzima, bega la upande huo litakukumbusha usiku. Faida yake kubwa ni kwamba mkono mmoja unabaki huru, na kwa mtu mwenye darubini shingoni au bunduki begani, huo mkono huru ni mali.

Jozi ndiyo yenye faida kamili ya kushuka, kwa sababu kila mguu unapotua, fimbo ya upande wa pili tayari iko chini inakusubiri. Ukishuka taratibu, ukisogeza kitu kimoja kwa wakati, muda wote una sehemu tatu zinazogusa ardhi. Kuna pia mahema mepesi yanayosimamishwa kwa fimbo hizi badala ya nguzo zake, na ukitumia hema la namna hiyo, uzito wa fimbo unajilipa wenyewe: umeacha nguzo nyumbani.

Mikono ya mwindaji

Hapa ndipo ushauri wa watembezi unapoishia. Siku ya kuwinda ina vipande vitatu: kuingia, kutafuta na kunyatia, kisha kutoka. Fimbo ni rafiki kwenye cha kwanza, adui kwenye cha pili, na ndugu wa damu kwenye cha tatu.

Kuingia mara nyingi ni gizani, umevaa taa ya kichwani au hata umeizima, njia huijui vizuri. Fimbo inapapasa mbele yako, inakuambia pana shimo au jiwe linalocheza. Hilo halina ubishi.

Kisha kunakucha na kazi yenyewe inaanza. Nikueleze kilichonipata. Nilikuwa nimemfuata kulungu dume kwa muda wa saa nzima, upepo ukinipiga usoni kama unavyotakiwa, umbali umebaki kama hatua mia mbili. Mbele palikuwa na ukanda wa mawe mapana. Nikaweka mguu taratibu, kisigino kwanza, nikahamisha uzito, kila kitu sawasawa. Fimbo ya kushoto ikateleza sentimita mbili tu na ncha yake ikagonga jiwe: *ting*. Sauti ndogo kama kijiko kwenye glasi. Jiwe likiporomoka mnyama huinua kichwa, akasikiliza, mara nyingi akarudi kula, kwa sababu mawe huporomoka kila siku. Lakini chuma kwenye jiwe si sauti ya porini. Yule hakuinua kichwa, alishakuwa anakimbia.

Ncha za fimbo hizi hutengenezwa kwa tangsteni kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, ndiyo maana hushika mwamba vizuri na ndiyo maana hupiga kelele. Dawa ni kofia ndogo za mpira zinazovishwa nchani. Zinapunguza sauti sana, ila hazishiki vizuri kwenye udongo laini wala majani yaliyolowa, na tope likizidi huzinyonya zikabaki humo. Nimepoteza tatu kabla sijaanza kuzifunga kwa utepe. Fimbo yenyewe ni bomba tupu, na bomba tupu likigonga tawi hulia. Zungushia utepe wa kitambaa usiong'aa kuanzia chini ya mpini hadi katikati. Unaua sauti, unaua mng'ao wa jua, na unakuwa na utepe wa akiba wa kuzibia kitu kikichanika.

Kelele si kitu pekee. Mtu anayetembea na fimbo mbili anarusha mikono mbele na nyuma, na mnyama anauona mjongeo kabla hajaiona sura yako. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: nikiona nyayo mbichi, au nikifika mahali ambapo kuanzia hapo mnyama anaweza kuwa popote, fimbo moja inafungwa begini. Nikianza kunyatia kwelikweli, ya pili inafuata, au naiacha chini pamoja na begi na kuweka alama mahali hapo. Weka alama ya uhakika. Porini, ukirudi jioni, kila mti unafanana na ule.

Kwa mwenye upinde hakuna mjadala: upinde unahitaji mikono yote miwili, na fimbo iliyoning'inia kwenye kifundo cha mkono wakati wa kuvuta uzi ni balaa. Mwenye bunduki ana nafasi kidogo. Wengine huvukanisha fimbo mbili kwa umbo la X, wakazifunga kwa vitanzi vyake vya mkononi, wakaegemeza bunduki hapo juu wakiwa wameketi. Inafanya kazi, lakini haina utulivu wa egemeo la kweli lililotengenezwa kwa kazi hiyo, na kusimama ukilenga juu ya fimbo nyembamba ni kujidanganya. Jaribu kwanza kwenye uwanja wa shabaha, siku ambayo hakuna kiumbe mbele yako. Mnyama aliyejeruhiwa kwa sababu egemeo liliyumba ni deni utakalolifuatilia hadi usiku. Na unapotembea na fimbo mikononi, bunduki iwe begani na chemba iwe tupu, bila risasi, kwa sababu mwenye fimbo naye huanguka.

Ambapo fimbo inanifaa katikati ya siku ni kwenye darubini. Darubini ya kukuza mara 10 inakuza na tetemeko la mkono mara 10. Iegemeze juu ya mpini wa fimbo, kidole gumba na cha shahada vikiishika pamoja, na sikio linalotikisika nyuma ya kichaka linaanza kuonekana. Darubini kubwa ya jicho moja inataka kigoda chake cha miguu mitatu, hapo fimbo haisaidii.

Sasa kutoka. Umebahatika, na sasa kuna nyama. Paja moja la nyuma la mnyama mkubwa kama elki, aina ya kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, likiwa na mfupa wake, linapita kilo 20 bila shida, na huenda una safari mbili au tatu za kwenda na kurudi. Umeamka saa tisa usiku, jua linazama, na njia ni ile uliyoipanda asubuhi ukiwa mtu mpya. Mwindaji aliyekuwa akicheka fimbo asubuhi atakata mti hapa.

Kazi ya kwanza ni kusimama tu. Begi zito la nyama huwezi kulitupia begani. Unaketi chini, mgongo umelielekea, unafunga mikanda, unajigeuza ukae kwa magoti na viganja kama mtoto anayetambaa. Hapo unachomeka fimbo mbili mbele yako na kuzipanda kwa mikono, kiganja juu ya kiganja, huku mguu mmoja ukijiweka chini. Sukuma wima. Ukizisukuma kwa upande zitapinda, na za kaboni zitavunjika. Baada ya hapo kila hatua ni fimbo kwanza, mguu baadaye, na hakuna haraka. Kwa kipande hiki peke yake, jozi inastahili kununuliwa hata kama siku nzima ilikuwa imelala begini.

Ukishaamua: alumini au kaboni

Jozi ya alumini mara nyingi ina gramu 450 hadi 600. Ya kaboni ina 300 hadi 450. Tofauti hiyo si ya kupuuza, kwa sababu ni uzito unaourusha mbele maelfu ya mara kwa siku, na kaboni hupunguza mtetemo na mlio kidogo. Lakini angalia zinavyokufa. Alumini hupinda. Unaiweka kwenye goti, unainyoosha kidogo kidogo, unaendelea na safari hata kama haitaingiana tena vizuri. Kaboni haipindi, hukatika, na mara nyingi hukatika kwa ajili ya mkwaruzo wa jiwe ulioupata wiki mbili zilizopita na hukuuona.

Mtembezi anayehesabu gramu, kwenye njia zinazoeleweka, achukue kaboni na aitunze. Mwenye kubeba mizigo, kupita mawe na kuanguka anguka, achukue alumini. Mwindaji, kwa maoni yangu, hana sababu ya kaboni.

Namna inavyofupika ni jambo la pili. Kuna zile za vipande vinavyoingiana kama antena ya redio, ambazo hufupika hadi sentimita 60 na zaidi kidogo, na kuna zinazokunjika kama nguzo za hema, zenye kamba ndani, ambazo hufika 35 hadi 40. Zinazokunjika huingia ndani ya begi zikapotea. Za antena huchungulia juu ya begi na kukamata kila tawi unaloinamia, na kwenye kichaka hilo ni kero ya kweli kwa mwindaji. Hata hivyo za antena unazirefusha na kuzifupisha upendavyo na ni imara zaidi, ilhali nyingi zinazokunjika zina urefu mmoja au nafasi ndogo tu ya kurekebisha, na kamba ya ndani ikikatika una vijiti vitatu. Mimi nimechagua antena, nikavumilia matawi. Nazifunga ncha zikiangalia juu na kuzivisha kofia zake, zisimtoboe mtu anayenifuata.

Kwenye kufuli, kile kinachobana vipande visiteleze, ndipo silegezi msimamo. Kuna ya kusokota, ambapo ndani ya bomba kuna kiplastiki kinachotanuka ukizungusha, na kuna ya klipu ya nje inayobana ukiibonyeza. Nilianza na ya kusokota. Siku ya kwanza nilivuka nayo kijito chenye mchanga, nikaisokota nikaona imeshika. Nilipoanza kushuka nikaiegemea, ikaingia ndani yake kimya kimya kama mtu anayekaa kwenye kiti, na mimi nikaifuata. Kiganja kilichubuka na saa ikapasuka kioo. Punje za mchanga na unyevu ndani ya bomba vilitosha. Klipu unaiona kwa macho kama imefungwa, unaifunga ukiwa na glavu, na ikilegea unakaza skrubu yake kwa sarafu. Dukani, refusha fimbo, funga, kisha weka viganja vyote viwili juu ya mpini na uilalie. Ikiingia hata nusu sentimita, irudishe kwenye rafu.

Mpini haraka haraka: wa kizibo, gome lile jepesi la kuzibia chupa, unanyonya jasho na baada ya muda unakaa umbo la kiganja chako. Wa sponji ni laini na mwepesi. Wa mpira ni wa baridi kali na theluji, kwenye joto unatoa malengelenge. Ila tafuta ule ambao sponji yake imeteremka chini zaidi ya mpini. Unapokata mlima kwa ubavu, fimbo ya upande wa juu unaishika chini kidogo bila kusimama kuifupisha. Springi za ndani za kupunguza mshtuko sizioni maana. Zinaongeza uzito na nyingine zinalia.

Urefu na mkono

Simama na viatu vyako, shika mpini, ncha iwe kando ya kidole cha mguu. Kiwiko kikunjike nyuzi 90. Mtu wa sentimita 170 huangukia karibu na 115. Kwenye kupanda fupisha sentimita 5 hadi 10, kwenye kushuka ongeza kiasi hicho hicho.

Wengi wanaosema fimbo hazisaidii wanazishika vibaya. Kitanzi si pambo la kuzuia isianguke. Ingiza mkono kutoka chini kwenda juu, kisha shusha kiganja ukamate kitanzi na mpini pamoja. Sasa uzito unapita kwenye kitanzi na vidole vinabaki vimelegea. Ukiikaba mpini kama nyundo, utachoka mikono kabla ya miguu na utasema umedanganywa.

Lakini kuna mahali kitanzi kinatoka: kwenye mto, kwenye mawe makubwa yaliyorundikana, kwenye kichaka, na kila wakati unapotarajia kuinua silaha. Ncha ikinasa kati ya mawe mawili wakati wewe unaendelea mbele, kitanzi kinavuta bega, na ukiangukia mkono ulioshika fimbo, kano ya chini ya kidole gumba ndiyo huchanika. Jeraha hilo wanaoteleza kwenye theluji wanalijua sana. Kwenye maji, legeza pia mkanda wa kiunoni wa begi ili ukianguka uweze kulivua, elekea maji yanakotoka, na usogeze kitu kimoja kwa wakati: fimbo, kisha mguu, kisha fimbo.

Yupi achukue nini

Mtembezi wa siku moja na begi jepesi: usinunue. Mwenye goti linalolalamika, hata kwa safari fupi: jozi, na kabla ya hapo amwone daktari, kwa sababu fimbo haitibu. Mtembezi wa siku nyingi: jozi bila kusita. Mwindaji anayewinda karibu na gari, mahali tambarare: abaki na mikono yake. Mwindaji wa upinde kwenye vichaka: fimbo moja inayokunjika, ikae ndani ya begi mpaka wakati wa kutoka. Mwindaji wa milimani anayetarajia kubeba nyama: jozi ya alumini ya klipu, imezungushiwa utepe.

Zangu zina miaka mingi sasa. Moja ina mpindo mdogo chini ya kipande cha kati, kumbukumbu ya begi moja la nyama. Kila nikirudi nazitenganisha vipande vyote, nafuta mchanga kwa kitambaa kikavu, naziacha wazi usiku kucha zikauke ndani. Mafuta sizitii, wala wewe usizitie, hata kama zinakwaruza: bomba lililopakwa mafuta klipu haiishiki.